Jogoo Asiye na Kichwa

Saa moja na dakika tano asubuhi, Alhamisi. Makaa yameshika moto, lakini pasi bado ni baridi.

Mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani anasimama katikati ya ua. Analamba kidole, anakiinua juu, kisha anageuka taratibu mpaka upepo umpige mgongoni. Hapo ndipo anaposhika mpini wa mbao na kuirusha pasi mbele na nyuma, mkono umenyooka, kama mtu anayebembeza mtoto asiyetaka kulala. Majivu yanatoka kwenye matundu ya ubavuni na kupeperukia ukutani. Kamba ya nguo iko upande wa pili.

"Upepo kwanza," anasema. "Usipojua unatoka wapi, utafua mara mbili."

Upepo huohuo unainua pazia la mlango wa chumba chake na kuliangusha, unaliinua tena. Kila likiinuka, jua linaingia mpaka kitandani, na sauti ya mwanamume inalalamika kutoka ndani. Ni mume wake, mlinzi wa usiku, aliyerudi kazini alfajiri na kulala.

Mtaani anaitwa Mama Pasi. Ana miaka hamsini na moja, na kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akifua nguo za watu na kuzipiga pasi, kwenye meza moja, kwa pasi moja ya mkaa.

Leo hana nafasi ya kukosea. Kabla ya saa sita mchana, mashuka ya vyumba vyote vya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mafuta yanatakiwa yawe yamefika, yamenyooka, na meneja ameahidi kuyafungua moja moja mbele ya dirisha. Likionekana doa au tundu lolote, kazi itahamia kwenye duka la mashine lililofunguliwa barabara ya pili. Mama Pasi atabaki na sare za wanafunzi na mashati ya majirani.

Nyumba hiyo ya wageni ndiyo inayompa zaidi ya nusu ya anachopata kwa mwezi. Hesabu yake ni fupi. Mashuka sita ya kwanza yanalipia mkaa wa siku. La saba ndilo analoanzia kula. Kodi ya chumba na masomo ya binti yake wa mwisho, anayesomea uuguzi, vinatoka kwenye mashuka ya baada ya hapo.

Anaiweka pasi juu ya kipande cha tofali na kuifuta kitako kwa jani bichi la mgomba. Jani linatoa mlio hafifu. Bado kidogo.

Pasi yenyewe ni sanduku la chuma lenye ncha mbele na kifuniko kinachofunguka kuelekea nyuma. Iliwahi kupimwa kwenye mizani ya muuza maharage: kilo tatu na nusu ikiwa tupu. Chuma chake kimekuwa cheusi kabisa, isipokuwa mahali pamoja. Mbele, kifuniko kinapokutana na sanduku, pana komeo jipya linalong'aa. Liliwekwa jana alasiri. Mpaka jana asubuhi, mahali hapo palikuwa na jogoo.

Walio na umri wa kutosha wanazikumbuka pasi za namna hiyo. Kifungo chake kilikuwa jogoo mdogo wa chuma, ukubwa wa kidole gumba, amesimama juu ya ncha ya pasi kama yuko juu ya paa. Ukimgeuza mkia, kifuniko kinafunguka, ukimrudisha, kinajifunga. Jogoo wa Mama Pasi hakuwa na kichwa.

"Kichwa alikivunja huyo aliyelala humo ndani," anasema, akiashiria pazia kwa kidevu.

"Nilikuwa na miaka sita!" sauti inajibu kutoka ndani. "Nilimgonga jiwe ili awike."

"Akawika?"

"Niliwika mimi. Muulize mama."

Mama anayetajwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, miguu ameinyoosha juani. Ana miaka sabini na saba na macho yake yana mtoto wa jicho; anaona vivuli na mwanga tu. Masikio hayana hitilafu. Ndiye mama mkwe wa Mama Pasi, na ndiye mwenye pasi.

Aliinunua akiwa msichana mfua nguo, kwa fundi cherehani aliyekuwa anahama. "Alikuwa na mizigo mingi na pasi ni nzito," anasimulia bibi huyo. "Uzito wake ndio ulionipunguzia bei. Akaniambia, dada, mimi sitaki pesa nyingi, nataka mtu wa kunitua." Miaka miwili baadaye alimzaa mwanawe wa kwanza, ndiye huyo mlinzi.

Kwa hiyo pasi ni kubwa kwa mume wa Mama Pasi kwa miaka miwili. "Nikigombana naye," anasema mkewe, "namwambia nenda kamuulize kaka yako, yuko mezani."

"Nasikia," inasema sauti ya ndani.

"Ndiyo nataka usikie."

Katika miaka hamsini na mitano, mpini wa pasi umebadilishwa mara tatu na seremala. Bawaba za nyuma zimebadilishwa mara mbili. Wavu wa ndani unaobeba makaa ulikatwa kutoka kwenye mfuniko wa debe la rangi. Kilichobaki tangu mwanzo ni sanduku na kitako chake. Jirani mmoja, mshona nguo, aliwahi kumuuliza bibi kama hiyo bado ni pasi ileile.

Bibi alimjibu kwa swali. "Mimi nimeng'oa meno yote ya juu. Mbona bado unanisalimia?"

Mama Pasi alikabidhiwa pasi hiyo wiki aliyoolewa. Mama mkwe wake aliitoa chini ya kitanda, imefungwa kwenye gunia, akamwekea mikononi na kumwambia maneno ambayo mkwe huyo anayakumbuka yote: "Ipokee kama ilivyo, na iwe kama ilivyo." Akaongeza kwamba jogoo hana kichwa, asije akadhani amemvunja yeye.

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta tundu la wiki mbili zilizopita.

Miaka saba iliyopita, pini iliyomshika jogoo ilianza kulika. Jogoo akawa anayumba. Pasi ikiwekwa chini kwa nguvu, kifuniko kiliruka kidogo, na kupitia ufa huo majivu yaliweza kutoka. Fundi yeyote angemng'oa jogoo na kuweka komeo kwa nusu saa. Mama Pasi alichukua waya, akamfunga shingoni, penye kovu la kichwa, na kumkaza kwenye kifuniko. Kila asubuhi aliufungua waya ili aweke makaa, kisha akaufunga tena kwa koleo.

Kwa nini hakubadilisha? Anaacha kukunja shuka ili ajibu.

"Kitu ni cha mama mkwe. Nimeambiwa kiwe kama kilivyo. Sasa utamwendeaje mama mkwe wako umwambie kitu chako kimechakaa? Ni kama kumwambia yeye ndiye amechakaa." Anarudi kwenye shuka. "Nikaona heri waya. Waya haumvunjii mtu heshima."

Wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa, waya ulikatika katikati ya kazi. Kifuniko kiliruka na cheche moja ikadondoka mezani. Aliipangusa, akaangalia shuka alilokuwa akilipiga pasi, akaliona ni zima. Cheche ilikuwa imeangukia rundo la foronya zilizokwisha kukunjwa. Mgeni wa chumba namba tatu ndiye aliyeliona tundu, ukubwa wa punje ya harage, alipotaka kulala.

Meneja wa nyumba ya wageni ni kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu. Hakufoka. Alimwonyesha foronya na kumwambia, "Mama, mimi sina ugomvi na pasi yako. Nina ugomvi na tundu."

Akampa nafasi. Jumanne ya wiki hii aje apige pasi palepale, kwenye chumba cha kufulia, kwa pasi ya umeme. Akiiweza, kazi ni yake.

Shahidi wa kilichotokea Jumanne ni mfagizi wa nyumba hiyo, mwanamke mcheshi ambaye bado hajamaliza kukisimulia. Kwa maelezo yake, foronya tano za kwanza zilikwenda vizuri. Mama Pasi alisema pasi ni nyepesi kama sahani, tena haina moshi. Alikuwa anaimba.

Kwenye foronya ya sita, taa ndogo nyekundu iliyo kwenye mpini ilizima. Pasi za umeme hufanya hivyo zikishapata joto la kutosha. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa na makaa, wekundu unaozima una maana moja tu: moto unakufa.

"Aliinua pasi," anasema mfagizi. "Akarudi nyuma hatua mbili, akageukia dirisha, akalamba kidole. Mimi nikajiuliza, huyu anatafuta nini? Mara mkono ukaenda nyuma. Nikasema anataka kumpiga mtu. Nani? Tulikuwa wawili tu!"

Alipoirusha mbele, waya ulichomoka ukutani. Pasi ikagonga fremu ya mlango na kipande cha plastiki kikaruka mpaka kwenye ndoo. Meneja alikuja mbio.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilikuwa naipepea."

"Unapepea umeme?"

"Mwanangu, nimeona inazima."

Mfagizi alilazimika kutoka nje na kukaa kwenye ngazi. Meneja mwenyewe, anavyokiri, alijizuia mpaka alipofika ofisini.

Pasi ile ilipona. Ilifungwa utepe wa plasta na inafanya kazi. Meneja akatoa uamuzi wa mwisho: Alhamisi, mashuka yote, kwa pasi yoyote anayotaka mwenyewe, na yeye atahesabu madoa. Kisha akamtania ili kupunguza makali. "Ila mama, si unajua, jogoo wa shamba hawiki mjini."

"Huyu wangu hana kichwa, mwanangu," alijibu Mama Pasi. "Hawiki shamba wala mjini. Kazi yake kushika mlango tu, na hiyo ndiyo inamshinda."

Jumatano asubuhi aliibeba pasi kwenye kikapu mpaka kwa fundi chuma. Fundi huyo ana banda la mabati matatu na mikono isiyotoka rangi nyeusi hata akioga. Aliigeuza pasi, akamtikisa jogoo kwa kidole kimoja, akafungua waya na kuunusa kama mtu anayenusa samaki.

"Pini imeisha na tundu lake limepanuka. Huyu hashiki tena. Nimng'oe, niweke komeo. Kabla ya alasiri uko nayo mezani."

"Weka."

"Mwenye pasi anasemaje?"

Mama Pasi akageukia kikapu chake. Fundi akaiweka pasi chini.

Utaratibu wa fundi huyo unajulikana mtaani kote. Kuunga, kuziba na kukaza, hufanya kwa neno la yeyote aliyeleta kitu. Kukata au kung'oa, hafanyi mpaka mwenyewe aseme kwa kinywa chake. Aliwahi kukata mguu wa kitanda cha chuma kwa amri ya mtoto wa nyumba, na baba wa nyumba hiyo akaja na mguu mkononi. Tangu siku hiyo hana ubishi na mtu kuhusu jambo hilo.

"Mimi ndiye ninayeitumia," Mama Pasi alimwambia.

"Najua, dada yangu. Na yule bibi ndiye mwenyewe. Alikuja hapa na bawaba ya kwanza, baba yangu akiwa fundi. Nenda kamuulize. Mimi niko hapa, sihami."

Alirudi nyumbani bila pasi. Kwanza alimwamsha mume wake na kumwomba azungumze na mama yake. Mume alijifunika shuka hadi kichwani. "Mimi nilivunja kichwa, wewe ung'oe kiwiliwili?" alisema. "Atasema tumemmaliza pamoja. Nenda wewe, anakupenda zaidi."

Akafagia ua. Akachota maji. Akafagia tena pale alipokwisha kufagia. Mama mkwe wake, kwenye kigoda chake, aligeuza uso kuelekea sauti ya ufagio.

"Wewe mwanamke, leo pasi iko wapi? Sijaisikia."

"Mama, iko kwa fundi."

"Ina nini?"

"Mama, sijui nikwambieje. Ni jogoo."

"Jogoo amefanya nini?"

"Amechoka, mama. Hashiki. Fundi anataka kumng'oa aweke komeo. Nikamwambia siwezi, mpaka uniruhusu. Nawe ukisema abaki, abaki, nitakaza waya mwingine."

Mama Pasi anasema aliuona mkono wa bibi ukitafuta fimbo, akadhani anainuka kwa hasira.

"Kumbe ule waya ulikuwa wa jogoo?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii! Kila asubuhi nasikia kru, kru, kru, waya na koleo. Nasema moyoni, mwanangu kaoa mwanamke bahili, komeo moja tu limemshinda kununua." Akaigonga fimbo chini. "Si ungeniuliza?"

"Uliniambia iwe kama ilivyo, mama."

"Nilikuwa na maana usiiangushe! Ng'oa. Mimi nilinunua pasi, sikununua kuku."

Ndani ya chumba, mlinzi aliyedhaniwa amelala alicheka mpaka akakohoa.

Bibi hakuishia hapo. Alivaa ndala na kutaka apelekwe kwa fundi, kwa sababu, alisema, fundi huyo ana kichwa kigumu kama marehemu baba yake na hatakubali salamu za kutumwa. Walikwenda wawili, mkono wa bibi begani kwa mkwe wake. Alitamka kwa kinywa chake. Fundi akachukua msumeno. Jogoo alitoka kwa mikato minne. Bibi alimpapasa, mkia, mgongo na kovu la shingo, kisha akamtia kwenye mfuko wa gauni lake pamoja na waya.

Saa mbili na nusu leo asubuhi, Mama Pasi amefika shuka la kumi na mbili. Ananyunyiza maji kwa vidole, anatandaza kitambaa chepesi, anasukuma pasi kutoka pembeni kuelekea katikati. Kila anapoiweka juu ya tofali, anainama kuangalia komeo. Halijasogea. Bado anaiweka taratibu, kama bado lipo la kuogopa.

"Maji yako mengi," anasema bibi kutoka kwenye kigoda. "Nasikia inalia. Ikilia hivyo shuka halijakauka."

"Sawa, mama."

Anaigeuza na kuirudisha. Mlio unapungua, kisha unakoma.

Bega la kulia linamuuma tangu mwaka jana. Anapumzika kila baada ya mashuka manne, na anapopumzika analiminya kwa mkono wa kushoto. Hafichi kwamba pasi ya umeme ilimpendeza. "Mpini wa pasi umebadilishwa mara tatu," anasema. "Bega halibadilishwi." Mpango wake ni huu: mashuka aendelee kuyapiga nyumbani kwa mkaa, ambao hununuliwa kidogo kidogo, lakini foronya na mataulo ajifunze kuyafanyia kule kwenye chumba cha kufulia, kwa umeme usio wake. Binti yake akimaliza masomo, anunue ya kwake. Kwa sasa hajamwambia meneja lolote. Kwanza mashuka.

Saa tano na dakika ishirini anafunga rundo kwa kitambaa safi, analitia kichwani na kutoka.

Meneja anayafungua mbele ya dirisha kama alivyosema. Analishika kila shuka kwa ncha mbili na kuliinua kwenye mwanga, mfagizi akishika ncha za chini. Mama Pasi amesimama karibu na mlango wa chumba cha kufulia, amefumbata mikono. Kwenye shuka la tisa meneja anasita, analisogeza karibu na uso, anakwaruza kwa ukucha. Ni uzi uliojikunja. Anaendelea.

Anapomaliza la mwisho anajaribu kulikunja mwenyewe na kulikosea. Mama Pasi anamnyang'anya bila kusema, analikung'uta, analikunja upya na kuliweka juu ya mengine.

"Sijaona kitu," anasema meneja.

"Angalia tena."

"Mama, nimeangalia. Kazi ni yako."

Hapo ndipo anapomweleza mpango wake wa foronya. Meneja anamtazama mfagizi, mfagizi anatazama dari. Pasi ya umeme, yenye utepe wa plasta ubavuni, inatolewa kabatini na kuchomekwa. Mfagizi anasogea nyuma mpaka ukutani.

"Mimi nina watoto," anasema.

Mama Pasi anaanza na foronya moja. Anapita upande wa kwanza, anageuza, anapita wa pili. Taa nyekundu inazima. Bega lake la kulia linainuka, pasi inaachana na meza, na wote watatu wanaliona. Linabaki hapo juu kwa pumzi moja. Kisha linashuka, na pasi inarudi kwenye kitambaa.

"Imezima kwa sababu imeshiba," anasema, akiwaambia wao au akijiambia mwenyewe.

Saa nane kasoro anarudi nyumbani na mashuka machafu ya kazi ya wiki ijayo kichwani. Upepo wa asubuhi haujatulia. Kamba ya nguo inacheza na majivu ya ukutani yamesambaa ua mzima. Bibi amesinzia kwenye kigoda. Mlinzi anakoroma ndani, gizani, kwa sababu pazia la mlango halisogei. Kwenye pindo lake la chini amening'inizwa jogoo wa chuma asiye na kichwa, amefungwa kwa waya uleule.